Kabla ya Kulipia Printa ya Picha, Hesabu Karatasi

Kila Januari, mzazi wa Nyantakara, Biharamulo, ambaye mwanawe anaingia kidato cha kwanza huisoma fomu ya kujiunga na shule na mara nyingi hukuta humo hitaji lilelile: picha za pasipoti. Haijapita miezi mingi, mtoto mwingine anaomba mkopo wa elimu ya juu, naye anadaiwa picha. Kuna kipaimara, kuna harusi, kuna mahafali, na kuna ile picha kubwa ya marehemu inayowekwa mbele ya waombolezaji. Simu zenye kamera zimeenea, lakini nyingi ya shughuli hizi bado zinadai karatasi.

Kilichobadilika katika ukanda huu wa Biharamulo na Ngara ni umeme. Njia ya kilovolti 220 kutoka Geita hadi Nyakanazi, yenye urefu wa kilomita 144, imelifungulia eneo hili mlango wa gridi ya taifa, na pale Rusumo, mpakani, umejengwa mtambo wa megawati 80 ambao Tanzania inagawana na Rwanda na Burundi. Kwa familia iliyofikiwa na nguzo, printa ya picha nyumbani si ndoto tena. Kwa kijana anayetafuta cha kufanya, ni mtaji.

Hapo ndipo makosa yanapoanzia. Mnunuzi anaingia dukani, anauliza bei ya mashine, analipia ile ya chini kabisa na kuondoka nayo akiwa ameridhika. Bei hiyo ataitoa mara moja tu. Wino na karatasi atavilipia kwa muda wote atakaokuwa na printa, na humo ndimo fedha zinamopotelea. Anayetaka kuchagua vizuri aanze na swali moja: picha moja, ikiwa mkononi, itakuwa imegharimu shilingi ngapi?

Printa ndogo za katriji ndizo zinazovutia zaidi kwa bei, na ndizo zinazolikimbia swali hilo. Katriji moja hubeba mililita chache tu za wino, na picha inayojaza karatasi nzima hunywa wino mwingi kuliko barua. Watengenezaji wamezoea kuiuza mashine kwa bei ya chini na kutafuta faida yao kwenye katriji. Nchini Indonesia watumiaji walichoka mapema: wakawa wanafunga matangi ya wino pembeni ya printa zao na kuyaunganisha kwa mipira. Epson ilisoma alama hizo, na mwaka 2010 ikaanza kuuza hukohuko Indonesia printa zenye matangi ya kiwandani. Leo printa za namna hiyo zimeenea Afrika Mashariki, na chupa moja ya wino ya Epson L805, kwa mfano, ina mililita 70. Mashine ni ghali zaidi, lakini picha ni nafuu zaidi, ilimradi picha ziwe nyingi.

Aina ya tatu haina wino wa maji kabisa. Canon SELPHY hutumia utepe wa rangi unaopashwa joto. Karatasi hupita mara nne: manjano, waridi, samawati, kisha tabaka la kuikinga picha. Boksi lake la karatasi 108 za ukubwa wa kadi ya posta huja na utepe unaotosha karatasi hizohizo 108. Hesabu yake haina maficho: chukua bei ya boksi, gawanya kwa 108, na bei ya picha umeipata kabla hujatoa senti.

Ubora nao upimwe kwa uso wa mtu, kwani ndicho kitu kinachochapwa zaidi. Kwa miongo kadhaa maabara za picha duniani zilirekebisha rangi kwa kutumia kadi ya Kodak yenye sura ya mwanamke mzungu, na ngozi nyeusi ndiyo iliyoumia: sura zilipotelea gizani, yakabaki macho na meno. Filamu imepitwa na wakati, lakini somo lake halijapitwa. Printa ya rangi nne hutoa picha nzuri ya kawaida, ila baadhi hazitumii wino wao mweusi kwenye karatasi ya kung'aa, bali huutafuta weusi kwa kuchanganya rangi nyingine, na nywele na vivuli vya uso hukosa kina. Printa ya rangi sita, kama L805 au L8050 iliyoifuata, huongeza samawati hafifu na waridi hafifu, hivyo mahali mwanga unapogusa paji la uso hapaonekani vidoadoa.

Hata hivyo, hakuna printa inayoweza kurudisha kilichopotea kwenye simu. Picha ya inchi 4 kwa 6 inahitaji takriban pikseli 1,200 kwa 1,800. Ya A4 inahitaji kama 2,480 kwa 3,508. WhatsApp, ikitumiwa kawaida, huipunguza picha. Kwa pasipoti inatosha. Kwa picha ya marehemu ya A4 haitoshi, na familia huishia kulaumu mashine. Picha ya kuchapwa itumwe kama faili la hati, si kama picha.

Kuhusu meza, nyumba nyingi zina meza moja inayotumika kwa chakula, madaftari ya watoto na redio. SELPHY CP1500 ina upana wa sentimita 18 na uzito wa gramu 850, ikimaliza kazi inarudi kabatini; ikumbukwe tu kwamba karatasi hutokeza mbele na nyuma inapochapa, kwa hiyo isibanwe ukutani. Epson L3250, yenye skana na uwezo wa kutoa kopi, inachukua kama sentimita 37 kwa 35 ikiwa imefungwa. L805 inazidi nusu mita kwa upana na haina skana. Printa za matangi hazipendi kuhamishwahamishwa wala kulazwa ubavu, kwani wino humwagika. Anayeinunua awe na mahali pake pa kudumu.

Jambo linalosahaulika ni ukimya. Printa ya wino isipotumika kwa wiki kadhaa, wino hukaukia kwenye vitundu vya kichwa cha kuchapia, na kuvisafisha hula wino uleule ulionunuliwa kwa ajili ya picha. Vumbi la kiangazi huongeza taabu. Umeme ukikatika katikati ya kazi, kichwa hubaki wazi badala ya kurudi kwenye kifuniko chake. Printa ya utepe haina wino wa kukauka, na SELPHY inaweza kutumia betri inayouzwa kando. Udhaifu wake ni ukubwa: haivuki kadi ya posta.

Kwa hiyo familia inayochapa picha chache kwa mwaka haina sababu ya kununua printa. Iendelee kwenda steshenari na iweke akiba yake. Familia inayopenda albamu, yenye meza ndogo na umeme wa kusuasua, ichukue ya utepe. Anayetaka biashara ya pasipoti, kopi na fomu achukue ya matangi yenye skana, na aichapishe angalau ukurasa mmoja wa rangi kila wiki. Rangi sita ziwe za mpiga picha wa harusi na mahafali, mwenye wateja wa kutosha kuziendesha.

Wasioweza peke yao wana njia nyingine. Kikundi cha kuweka na kukopa au kwaya inaweza kununua printa moja ya matangi, ikaiweka kwa mwanachama mwenye umeme, na kila mtu akalipia karatasi yake. Wino wa ziada ununuliwe siku ileile ya kununua mashine, uwe halisi wa kampuni, na kabla ya kulipa muuzaji achape hapohapo picha ya uso wa mmoja wao, itazamwe nje kwenye mwanga wa mchana. Muuzaji akikataa jaribio hilo, wahamie duka jingine.