Tamko juu ya damu ya ngagi wa Mlima Tshiaberimu

Sisi wanachama wa chama cha watetezi wa mazingira hapa Goma, tukiwemo walimu wa biolojia na madaktari wa mifugo, tunatoa tamko hili kuhusu ngagi wa Mlima Tshiaberimu, kaskazini mwa Hifadhi ya Taifa ya Virunga.

Ngagi jike akipevuka huhama kundi alilozaliwa na kwenda kwa dume mwingine; hivyo ndivyo damu inavyochanganyika. Wa Tshiaberimu hawana pa kuhamia, maana mlima umezungukwa na mashamba na vijiji. Walikuwa wamebaki wanane. Ndugu wakizaana na ndugu, kasoro zilizojificha katika ukoo hujitokeza kwa watoto, na maradhi yakiingia hulikuta kundi zima likiwa na udhaifu uleule.

Kwa sababu hiyo, Oktoba 2023 majike wanne, Isangi, Lulingu, Mapendo na Ndjingala, walipelekwa mlimani kwa helikopta kutoka GRACE, kituo cha kulea ngagi yatima kilichoko Kasugho, Lubero. Ni yatima waliookolewa wakiwa wadogo, wakalelewa pamoja. Waliwekwa kwanza ndani ya uzio wazoee baridi na majani ya huko, na Mwasa, dume wa porini, akawa anawasogelea. Oktoba 2024 wakatoka kuingia msituni. Tunawapongeza kwa moyo wote walezi na walinzi waliofanya kazi hiyo jimbo likiwa vitani.

Wapo wanaosema la muhimu ni idadi tu. Hatukubaliani nao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliolinganisha ngagi wa sasa na vielelezo vya zamani vya makumbusho, ulionyesha kuwa ngagi wa tambarare za mashariki, hawa wetu, wamepoteza sehemu kubwa ya utofauti wa vinasaba katika muda wa karne moja. Jike huzaa mtoto mmoja kila baada ya miaka minne hivi au zaidi. Kilichopotea hakirudi upesi.

Tunaitaka ICCN, taasisi ya serikali inayosimamia hifadhi za Kongo, na washirika wake waweke daftari moja la vinasaba, la ngagi wa vituoni na wa porini. Si lazima mnyama adungwe sindano: kinyesi kinachookotwa asubuhi kwenye kiota alicholala kinatosha. Vipimo hivyo vifanyike hapa Kongo, na vijana wetu wa vyuo vikuu wafundishwe kuvifanya. Kila mtoto wa ngagi anapookolewa, msitu alikotoka uandikwe siku hiyohiyo, kabla kumbukumbu haijapotea. Na tunaonya: damu mpya si damu yoyote. Ngagi wa milima, kama wale yatima wanaolelewa katika kituo cha Rumangabo, Virunga, wasichanganywe na wa tambarare eti kwa kuwa wako karibu.

Kwa wote wenye silaha Lubero na Virunga: ondokeni misituni, muwaache walinzi wafike mlimani na walezi wafike Kasugho.

Limetolewa Goma, Kivu Kaskazini.