Mgeni Njoo, Lakini Mwenyeji Atapona?

Miongoni mwa safari zinazotamaniwa na wenye uwezo siku hizi ni ile ya Antaktika, bara la barafu lililoko kusini kabisa mwa dunia, kwenda kutazama pengwini, sili na nyangumi. Meli nyingi hung'oa nanga Ushuaia, mji wa Argentina, zikavuka mlango wa bahari wa Drake kwa siku mbili hivi, kisha abiria huteremshwa ufukweni kwa mashua za mpira. Hatuoni ubaya wa mwanadamu kusafiri na kuvitazama viumbe kwa mazingatio. Hoja yetu ni adabu ya mtazamaji, na zaidi ya hapo, idadi ya watazamaji.

Haki isemwe: adabu ipo. Meli yenye abiria zaidi ya 500 hairuhusiwi kushusha mtu, na ufukweni wasiwepo abiria zaidi ya 100 kwa wakati mmoja. Viatu husuguliwa na kutiwa dawa. Mtu hatakiwi kumsogelea pengwini chini ya mita 5, na akimkuta katika njia yake, ule mfereji aliouchimba thelujini kwa kwenda na kurudi baharini, mtu ndiye asimame ampishe. Hata shimo lililoachwa na mguu thelujini hufukiwa, kwani ndege yule mfupi asiyeruka akitumbukia humo huenda asitoke. Kanuni hii ya shimo imetupendeza mno. Ni wangapi kati yetu hugeuka kutazama walichoacha nyuma yao?

Na pengwini si wa mchezo, ijapokuwa mwendo wake huchekesha. Yule wa aina ya gentoo hujenga kiota kwa vijiwe, na majirani huibiana vijiwe hivyo mchana kweupe. Watazamaji huangua kicheko. Kumbe vijiwe ndivyo vinavyoinua mayai yasilowe maji ya theluji inayoyeyuka. Dume na jike hupokezana kuatamia, mmoja akiwa baharini kutafuta krili, yaani uduvi wa bahari zile za baridi. Anayecheleweshwa njiani na kundi la wapiga picha ana mwenzake anayemngoja kiotani.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Je, mwenyeji huyu atapona? Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wageni hawakufika 10,000 kwa msimu. Msimu wa 2023 hadi 2024 walizidi 120,000, wakiwemo wasioshuka melini. Nao huja kiangazi cha kule, wakati uleule wa mayai na vifaranga. Mwishoni mwa mwaka 2022, katika bahari ya Bellingshausen, barafu ilivunjika mapema, na makundi manne kati ya matano ya pengwini wakubwa waitwao emperor yakapoteza vifaranga. Februari 2024 homa kali ya mafua ya ndege ikathibitishwa Antaktika. Hatusemi kwamba watalii ndio walioileta, kwani ndege wahamao huibeba wenyewe. Ila nyumba yenye mgonjwa haijazwi wageni.

Wenye meli hujibu kwamba kila mgeni hurudi kwao akiwa balozi wa bara lile. Huenda. Lakini balozi huyo amepanda ndege nusu ya dunia, kisha meli inayochoma mafuta, na joto la moshi huo ndilo linaloila barafu anayokwenda kuitetea.

Mkataba wa Antaktika ulitiwa saini na nchi 12 mwaka 1959, na wanachama wake hukutana kila mwaka. Kanuni tulizozitaja huhesabu watu wa saa moja katika ufuko mmoja. Rai yetu ni kwamba nchi hizo zihesabu pia watu wa msimu mzima na kuwawekea kikomo, na fuko zenye viotu vingi zifungwe wakati wa kuatamia, hata kama mgeni amekwisha kulipa. Atakayekosa kushuka atawatazama nyangumi kutoka sitahani. Wao hawana kiota cha kukanyagwa.