DARASA LA NYUMBANI: Tochi ya trafiki inapimaje mwendo?

Mwezi huu tunajibu swali la wanafunzi wanaopenda hadithi za madereva wa malori. Trafiki anajuaje mwendo wa gari wakati bado liko mbali? Na je, kuna dawa ya kumzuia?

Ile mashine madereva wanaiita tochi, na kweli ile ya leza inatoa mwanga, ila macho yetu hayauoni. Mwanga unakwenda karibu kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Unagonga gari, unarudi, mashine inahesabu muda huo na kupata umbali. Inarudia hivyo mara nyingi sana ndani ya nusu sekunde.

Hebu tupige hesabu. Gari lilikuwa mita 300, baada ya nusu sekunde liko mita 290. Yaani mita 20 kwa sekunde, sawa na kilomita 72 kwa saa. Kama kibao kinasema 50, dereva amekwisha!

Basi wajanja hawakosi. Wengine wanatundika sidii kwenye kioo, eti zitapoteza mwanga. Bure tu, kwa sababu mwanga unarudi kutoka kwenye kibao cha namba na taa za mbele. Wengine wananunua chombo kinacholia kikiguswa na leza. Lakini mwanga huo ni mwembamba, kwenye mita 300 upana wake ni kama mita 1 hivi. Kikilia, ujue umeshapimwa! Viko pia vyombo vinavyorusha mwanga ili kuichanganya mashine. Hivyo vinaweza kufaulu mara nyingine, lakini huko Marekani majimbo kama California na Texas yamevikataza kwa sheria.

Sasa tuseme dereva ameiponyoka tochi. Mtoto anayevuka barabara na dumu lake la maji ataponyoka vipi? Kwa kilomita 50 kwa saa, gari linakula mita 14 katika sekunde moja, kabla mguu haujafika kwenye breki. Kwa kilomita 100 linakula mita 28, na baada ya kukanyaga breki linahitaji nafasi mara 4 zaidi ili lisimame. Hesabu hiyo haina ujanja.

Wazazi, tuwafundishe watoto kusimama, kutazama pande zote mbili, ndipo wavuke. Na ninyi wenye pikipiki, punguzeni hata pasipo na trafiki.

ZOEZI: Kilomita 90 kwa saa ni mita ngapi kwa sekunde? Jibu mwezi ujao.