Bukavu: Umeme unarudi kwa kishindo, hasara inabaki kwa mwenye kompyuta

Umeme unakatika, mtaa unakuwa giza, kisha taa zinawaka tena kwa mwanga mkali kupita kawaida. Kwa vijana wa Bukavu wanaoishi kwa kutengeneza video za harusi na mabango ya matangazo, hapo ndipo kazi inaharibika. Kompyuta inawaka kama kawaida, lakini video ikifunguliwa tu, skrini inakuwa nyeusi ao mashine inajizima na kujiwasha yenyewe. Mteja ameisha lipa nusu ya bei, na harusi yake haiwezi kurudiliwa.

Wengi wanakata shauri palepale kwamba kadi ya grafiki imeungua. Wananunua ingine, mara nyingi iliyokwisha kutumika, na baada ya siku chache shida inarudi. Tangu M23 ilipoingia mjini Februari 2025 na benki kufunga milango, kosa kama hilo linaumiza zaidi.

Kwa kweli umeme wa ukutani haufiki moja kwa moja kwenye kadi. Unapita kwanza kwenye alimantasio, kisanduku kinachogeuza volti 220 kuwa volti 12 na chini yake. Hicho ndicho kinapokea pigo la kwanza, na kinaweza kuumia nusu tu. Kinatosha kwa kuandika barua, lakini kadi inapofanya kazi nzito na kutaka umeme mwingi, volti zinashuka na mashine inaanguka.

Ndiyo sababu fundi makini anaanza kwa kuweka alimantasio ingine, nzima na yenye nguvu ya kutosha. Kompyuta ikitulia, kadi haina kosa. Isipotulia, kadi inajaribiwa katika mashine ingine. Mistari ao madoa ya rangi yanayoonekana kabla ya Windows kufunguka, hata baada ya kubadili skrini na kamba yake, yanaelekeza kwenye kadi yenyewe. Shida ikitokea ndani ya Windows tu, kuweka upya programu inayoendesha kadi ni jaribio lisilo na gharama.

Lakini kubadili kifaa hakumalizi chanzo. Katika laini ya fazi tatu, waya wa nyutro ukikatika, nyumba inaweza kupokea volti zinazokaribia 380 badala ya 220. Radi nazo si jambo dogo huku. Uchunguzi wa satelaiti uliotolewa mwaka 2016 uliweka Kabare, jirani na Bukavu, nafasi ya kwanza Afrika na ya pili duniani, kwa radi zaidi ya 200 kila mwaka katika kilomita moja ya mraba. Tena kuna chupa za plastiki za ziwa Kivu zinazoziba mitambo ya Ruzizi na kuongeza delestaji. Kila mara umeme unapokatika, kuna pia hatari ya kurudi kwake.

Wakaaji wenye uwezo wananunua stabilizateri. Kifaa hicho kinasaidia volti zinapopanda na kushuka polepole, lakini hakizuii pigo la radi, linalohitaji parafudra na waya wa ardhi uliofungwa vizuri. Asiye na uwezo huo abakie na njia moja: kuchomoa kila kitu umeme unapokatika, na kungoja dakika kadhaa baada ya kurudi kwake.

Kwa hiyo ulinzi wote umewekwa mgongoni mwa mteja. Sheria ya tarehe 17 Juni 2014 ilifungua sekta ya umeme kwa makampuni ya binafsi na kuweka mamlaka ya kuisimamia. Hata hivyo, malalamiko bila ushahidi hayana nguvu. Fundi anatupa kifaa kilichoungua, hakuna aliyeandika saa, na majirani walioharibikiwa friji ao televisheni usiku uleule wanalalamika kila mmoja kwake.

Karatasi ya fundi inayosema ni kifaa gani kimeungua, tarehe na saa, pamoja na majina ya nyumba zilizopatwa, haitarudisha video ya harusi. Lakini ni vigumu zaidi kumjibu mtaa mzima kwamba kadi moja ilikuwa mbovu.