Kiingereza Hakikremiwi, Wenzangu!

Ndugu msomaji, usishangae kuona makala juu ya Kiingereza katika jarida la Chama cha Kiswahili. Mtihani wa K.C.S.E. hautuulizi tunapenda lugha ipi; sote tunazifanya zote mbili. Isitoshe, maswali ya Hisabati, Biolojia na Jiografia huandikwa kwa Kiingereza. Anayekwama hapo amekwama kwingi.

Maoni yangu ni kwamba wengi wetu hatuanguki kwa sababu lugha hii ni ngumu. Tunaanguka kwa kuisoma vile tunavyosoma tarehe za Historia. Mtihani ukikaribia, utawaona watu wakati wa preps wakikremu insha ya mtu mwingine neno kwa neno. Wengine wanasoma vijitabu vya mwongozo, na riwaya yenyewe hawajaifungua. Je, swali likigeuzwa kidogo tu, utafanyaje?

Hebu tuutazame mtihani wenyewe. Una karatasi tatu zenye jumla ya alama 200. Karatasi ya kwanza ni ya alama 60: 20 za uandishi wa kiuamilifu, 10 za kujaza mapengo na 30 za stadi za kuzungumza. Ya pili ina alama 80: ufahamu 20, dondoo la kitabu teule 25, ushairi au fasihi simulizi 20, na sarufi 15. Ya tatu ina alama 60, yaani insha ya kubuni na insha mbili za vitabu teule, kila moja 20. Mnaona? Swali la sarufi, lile tunaloliogopa kama simba, ni alama 15 tu! Sehemu kubwa ya alama zinatokana na kusoma kwa makini na kuandika kwa mpango.

Sasa niambieni, ni kipi hapo kilicho kigeni kwa mwanachama wa chama hiki? Barua na kumbukumbu za mkutano tunaziandika. Mashairi tunayachambua. Ngano tunazisimulia. Ufupisho tunaufanya kila muhula. Stadi ni zile zile, lugha tu ndiyo imebadilika.

Kwa hivyo sikubaliani kabisa na wanaodai kwamba Kiswahili huharibu Kiingereza. Kumvika mwanafunzi kibao shingoni kwa kuongea Kiswahili hakumfunzi sarufi, kunamfunza kunyamaza. Kinachoharibu ni kutafsiri neno kwa neno. Sisi husema tumesikia harufu, na mtu anaandika "I heard a smell". Sisi tuna "yeye" mmoja, basi mama katika insha anaanza kama "she" na kumalizia kama "he"! Anayejua lugha hizi mbili zinapoachana ndiye anayejihadhari.

Tufanyeje basi? Kwanza, soma riwaya na tamthilia zenyewe, si mara moja, na uandike kwa maneno yako nani alifanya nini na kwa nini. Pili, andika insha moja kila wiki, umpe mwalimu asahihishe, kisha uiandike upya. Kuirudia ndiko kunakofunza. Tatu, someaneni kwa sauti. Masikio yetu yamezoea irabu tano, na "ship" na "sheep" hutuchanganya, ilhali stadi za kuzungumza zina alama 30. Nne, fanya karatasi za miaka iliyopita huku ukitazama saa, maana ya kwanza ni saa mbili na zilizobaki ni saa mbili na nusu kila moja.

Walimu wetu wapendwa, nanyi tunawaomba jambo moja: tukikosea tunapoongea, turekebisheni, lakini msiache darasa litucheke. Anayechekwa leo kesho hainui mkono.

Wenzangu wa madarasa ya chini, msingoje kufika Kidato cha Nne. Haba na haba hujaza kibaba. Na ninyi wa Kidato cha Nne, siku zilizobaki si za kukremu, ni za kuandika. Shikeni kalamu!

Mwanachama, Kidato cha Nne