Kabla ya Kumwambia Mchimbaji Aache

Katika machimbo madogo ya dhahabu kama ya Mwakitolyo, mkoani Shinyanga, kilevi huenda sambamba na kazi. Kuna anayekunywa ili ashuke kwenye duara bila hofu, na kuna anayevuta sigara ili asahau uchovu. Siku mawe yanapolipa, fedha huishia baa. Asubuhi yake, mikono ikitetemeka, mtu huzimua.

Neno hilo, kuzimua, tumezoea kulichekea. Laiti tungelisikiliza kama dalili. Ubongo uliozoea pombe kila siku hujirekebisha ili ufanye kazi ukiwa nayo. Pombe ikikatika ghafla, hubaki umesisimka kupita kiasi. Ndipo huja jasho, kutetemeka na kukosa usingizi, na kwa baadhi ya watu degedege na kuweweseka kunakoweza kuua. Kwa hiyo, kumwambia mnywaji wa aina hii "acha leo" na kumrudisha nyumbani ni ushauri wenye hatari.

Wapo wasemao kwamba ulevi ni hiari ya mtu. Huenda glasi ya kwanza ilikuwa hiari; ya asubuhi, inayotuliza mikono, si hiari tena. Nchi yetu imekwisha kulikubali jambo hili kwa waraibu wa heroini, ambao tangu mwaka 2011 hupewa methadoni Muhimbili chini ya uangalizi. Mraibu wa pombe naye anastahili kutazamwa kama mgonjwa.

Tarehe 1 Machi 2017 Serikali ilipiga marufuku viroba, nami naiunga mkono hatua ile, kwa kuwa pombe kali ya bei ndogo ilikuwa imefika hata mikononi mwa watoto. Hata hivyo, hofu ya duara na uchovu wa zamu vilibaki palepale, na mwenye kiu alitafuta chupa nyingine.

Machimboni gharama yake ni kubwa zaidi. Vumbi la mawe yenye silika, hasa kwenye makarasha, huharibu mapafu na kuyaweka wazi kwa kifua kikuu. Tumbaku na ulevi huongeza hatari hiyo. Matibabu ya kawaida ya kifua kikuu huchukua miezi sita, na baadhi ya dawa zake hulielemea ini ambalo pombe nayo hulielemea. Mgonjwa tunayemkemea leo ataficha chupa. Kesho atajificha mwenyewe, dawa zikiwa hazijakwisha.

Ndugu mhudumu, kabla ya kushauri, uliza: Unakunywa kiasi gani? Mara ya mwisho ilikuwa lini? Umewahi kupata degedege ulipoacha? Kisha uliza pombe hiyo inamsaidia nini, na usikilize jibu.

Nawe ndugu mgonjwa, ikiwa mikono hutetemeka hadi unywe, usiache ghafla peke yako. Fika kituo cha afya ueleze ukweli. Ikiwa bado hujafika huko, tambua saa na mahali panapokuvuta, na ujipangie jambo jingine kwa saa hiyo. Siku ya malipo, mkabidhi fedha mtu unayemwamini kabla hujapita baa. Ukiteleza, rudi kituoni kesho yake. Wengi walioacha waliwahi kuteleza.