Hasira ya Taifa kwa Viza za Watu 14

Tarehe 27 Desemba 2018, zikiwa zimebaki siku tatu tu kufika uchaguzi wa rais, waziri wetu wa mambo ya nje Léonard She Okitundu alimpa balozi wa Umoja wa Ulaya mjini Kinshasa saa 48 awe ameshatoka nchini. Balozi huyo, Bart Ouvry, hakukutwa na bunduki wala dhahabu ya magendo. Wakubwa wake wa Brussels walikuwa wameongeza mwaka mmoja kwenye vikwazo dhidi ya vigogo 14 wa Kongo: hakuna viza ya Ulaya, na mali zao za huko zimefungiwa. Mmoja wa hao 14 ni mtoto wa Maniema, Emmanuel Ramazani Shadary, aliyekuwa mgombea wa kambi ya rais wa wakati ule, Joseph Kabila.

Hapa kwetu Maniema, Kindu na Kailo, wako waliovimba kwa uchungu. Wametudharau, walisema, mtoto wetu anafungiwa mlango kama mwizi. Uchungu huo naujua na siudharau. Mkoa wetu umesahauliwa kiasi kwamba jina la mtu wetu likitajwa Brussels, hata kwa ubaya, tunajiona tumetajwa sote. Lakini ndugu zangu wa Kailo, hasira ile haikuwa yetu. Ilikuwa hasira ya watu 14 iliyovikwa bendera ya taifa, na serikali haijawahi kumkasirikia balozi yeyote namna ile kwa ajili ya pasipoti ya mtu wa Kailo.

Itazameni wiki yenyewe. Tarehe 26 Desemba, siku moja tu kabla balozi hajafukuzwa, tume ya uchaguzi CENI ilitangaza kwamba watu wa Beni, Butembo na Yumbi hawatapiga kura pamoja na wenzao. Sababu zilizotolewa ni Ebola na usalama. Wapiga kura zaidi ya milioni moja wakaambiwa wangoje Machi 2019, na rais mpya akaapishwa Januari 24 wao hawajamchagua wala kumkataa. Raia zaidi ya milioni moja walizuiwa kuingia kwenye chumba cha kura cha nchi yao, na kesho yake serikali ikasimama kidete kutetea haki ya watu 14 ya kuingia Paris na Brussels. Ni heshima gani ya taifa hiyo?

Tena hao 14 hawakukosa mahali pa kulalamikia. Shadary aliwekwa kwenye orodha Mei 2017, akiwa waziri wa mambo ya ndani, na Ulaya iliandika sababu zake: kukamatwa kwa wanaharakati na wapinzani, nguvu kupita kiasi dhidi ya wafuasi wa vuguvugu la Bundu dia Kongo na kule Kasai. Kama ni uongo, mahakama ya Umoja wa Ulaya iko Luxembourg, na yeye na wenzake walikwenda huko na mawakili kudai majina yao yafutwe. Hiyo ni njia halali na hakuna wa kuwalaumu kwa kuifuata. Kilichokuwa dhuluma ni kuubeba uhusiano wa nchi nzima na kuufanya wakili wa ziada.

Sasa nitawaonyesha mtu ambaye hana wakili. Mama anatoka Kailo na pikipiki mpaka Alunguli, anavuka Lualaba kwa mtumbwi kufika Kindu mjini. Kitambulisho chake ni kadi ya mchaguzi, kwa sababu nchi hii haijampa kingine. Ameifunga kwenye mfuko wa plastiki, na bado sura yake imefifia mpaka askari wa kizuizi cha barabarani anaigeuza mara mbili na kumuuliza kama kweli ni yeye. Anauza mchele na mawese. Fedha yake hukaa kwenye fundo la kitenge. Ana mtoto Ubelgiji aliyejifungua, anataka kwenda kumshika mjukuu. Barabara ya kumfikisha Kinshasa haipo, kwa hiyo atapanda ndege, na kabla ya kupanda atalipa Go-pass, ile kodi iliyoanza 2009 kwa ahadi ya kujenga viwanja vya ndege. Kinshasa ataombwa taarifa ya benki, hati ya mshahara, barua ya mwaliko. Atalipa ada ya viza, ambayo leo ni euro 90 na hairudi hata ukikataliwa. Jibu litakuja kwenye karatasi yenye visanduku, kimoja kimetiwa alama: hatukuamini kwamba utarudi kwenu.

Hatarudi Kailo, kwenye shamba lake la mchele na makaburi ya wazazi wake! Tusi hilo lilimgusa waziri gani? Ni balozi yupi alipewa hata dakika 48 kwa ajili yake?

Tena serikali haikuishia kumnyamazia. Januari 2018, Ubelgiji ilipotangaza kwamba misaada yake haitapitia tena mikononi mwa serikali ya Kinshasa, wakubwa wetu walijibu kwa kuamuru Maison Schengen ifungwe, nyumba ambayo Wakongomani walipitia kuomba viza za nchi nyingi za Ulaya. Wakapunguza na safari za Brussels Airlines. Waliofungiwa ni akina nani? Mwenye pasipoti ya kidiplomasia ana njia zake. Aliyeachwa barabarani ni mwanafunzi mwenye nafasi ya chuo, mgonjwa mwenye tarehe ya upasuaji, mama yetu wa Kailo. Ugomvi ulikuwa wa wenye mamlaka, fimbo ikaangukia mgongo wa raia.

Na pasipoti yenyewe! Chini ya mkataba uliosainiwa 2015 na kampuni ya Semlex ya Ubelgiji, Mkongomani aliuziwa pasipoti kwa dola 185. Shirika la Reuters lilifichua mwaka 2017 kwamba katika dola hizo, 65 tu ziliingia serikalini, na 60 zilikwenda kwa kampuni iliyosajiliwa Ras al-Khaimah, kule Falme za Kiarabu. Mpimieni mama huyo dola 185 kwa makopo ya mchele. Bei imeshushwa tangu hapo, na ni vema. Lakini waliokatwa dola hizo miaka yote ile hawajaombwa radhi wala kurudishiwa senti. Huwezi kumkata raia wako namna hiyo kwa kijitabu kinachomtambulisha, halafu ukaipigia Ulaya kelele kwamba haimheshimu Mkongomani.

Hata kuingia Kongo yenyewe walikugeuza fadhila. Agosti 3, 2018, Moïse Katumbi, gavana wa zamani wa Katanga, alifika Kasumbalesa akitokea Zambia baada ya ndege yake kunyimwa ruhusa ya kutua Lubumbashi. Alikuja kujiandikisha kugombea urais. Mpaka ukafungwa mbele yake, polisi wakawafyatulia mabomu ya machozi watu waliokwenda kumpokea. Sisemi Katumbi ni mtakatifu. Ila Mkongomani alisimama kwenye mlango wa nchi yake akaambiwa rudi. Siku tano baadaye, Agosti 8, uandikishaji wa wagombea ukafungwa, na siku hiyo hiyo Kabila akamtangaza Shadary. Serikali iliyomnyima raia wake kuingia kwao ilikuwa na mdomo gani, Desemba, wa kulalamika kwamba wageni wanawanyima viza raia wake? Katumbi alirudi Lubumbashi Mei 20, 2019, Kabila akiwa ameshaondoka ikulu.

Majirani nao wanafanya yale yale. Machi 2025 Angola iliwazuia uwanja wa ndege wa Luanda wanasiasa waliokwenda mkutano wa demokrasia. Othman Masoud Othman, wakati huo Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, na Tundu Lissu, kiongozi wa upinzani Tanzania, walikuwa miongoni mwao. Miezi miwili baadaye, Dar es Salaam ikamrudisha Martha Karua wa Kenya, aliyekuja kufuatilia kesi ya huyo huyo Lissu.

Wala asidhani mtu kwamba naitetea Ulaya. Februari 2024 Umoja wa Ulaya ulitia saini makubaliano ya madini na Rwanda, wakati Rutshuru na Masisi zinawaka na kila mtu anajua waasi wa M23 wanashikwa mkono na nani. Ilibidi Goma ianguke Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata ndipo, tarehe 17 Machi, Brussels ikawawekea vikwazo makamanda wa jeshi la Rwanda na mkuu wa bodi ya madini ya Kigali. Sisi wa Kailo, ambao kasiterite na wolframi vimechimbwa chini ya miguu yetu tangu enzi za Wabelgiji, tunajua Ulaya inaona vizuri sana inapotaka kuona. Siku hiyo hiyo Kigali ikavunja uhusiano wake na Ubelgiji. Walikasirika kwa ajili ya wakubwa wao, kama wetu walivyofanya 2018.

Kuna habari ya Aprili 2025 ambayo bado inaniuma. Marekani ilimpeleka Juba mtu iliyetaka kumfukuza, Sudan Kusini ikasema huyu si wetu, ni Mkongomani, ikamrudisha. Washington kwa hasira ikafuta viza zote za wenye pasipoti za Sudan Kusini, na Juba ikasalimu amri ikampokea. Mtu aliyetajwa kuwa wa kwetu alirushwa kati ya mataifa mawili kama mpira wa makaratasi. Hakuna balozi aliyefukuzwa Kinshasa kwa ajili yake.

Waheshimiwa wabunge mliokuja kutuomba kura Kailo, mkipita kwa pikipiki zile zile kwenye vizuizi vile vile, kazi yenu iko hapo. Simameni bungeni mumwite waziri wa mambo ya nje. Mwulizeni ni raia wangapi wa kawaida wizara yake imewaandikia ubalozi wowote barua ya kuwatetea, na atoe barua hizo zisomwe. Mwulizeni waziri wa mambo ya ndani lini mtu wa Kailo atapewa kitambulisho cha taifa kisichofutika usoni. Mwulizeni wa fedha zile dola 60 za Ras al-Khaimah, zilizokatwa kwa kila pasipoti, ziliingia mfukoni mwa nani, kwa jina, na lini zinarudi.